Sindano kwa Mama, Dang'a kwa Ndama

Barua za wiki hii ni nyingi, lakini moja nimeitanguliza kwa sababu najua wengi wenu mtajiona ndani yake. Nimeifupisha kidogo, na jina la mwandishi nimeliacha.

"Shikamoo dada. Ninaishi Schaerbeek, hapa Brussels, na nafanya kazi ya usafi maofisini. Mama yangu anafuga ng'ombe wa maziwa wilayani Rungwe. Mtamba wa kwanza nilimnunulia mimi. Amezaa mara mbili, na mara zote mbili ndama amekufa kwa kuhara kabla ya kutimiza wiki mbili. Juzi darasa letu la Kiholanzi lilitembezwa kwenye shamba moja huko Lennik. Nikamwona daktari anamchoma sindano ng'ombe mwenye mimba kubwa, na mwenye shamba akasema sindano ile si ya ng'ombe, ni ya ndama aliye tumboni. Dada, nimeamua Desemba nikienda nyumbani nimbebee mama dawa hiyo kwenye begi. Niinunue wapi? Jambo la pili, mimi mwenyewe nina mimba ya miezi mitano. Mkunga ananisisitiza nichanjwe kifaduro, nami nimemwambia sitaki, naogopa kumdhuru mtoto. Nishauri."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kwa mfugaji mdogo, kufiwa na ndama si hasara ya kupuuzwa. Wanaoujua mpango wa "kopa ng'ombe, lipa ng'ombe" wananielewa: unapewa mtamba, na ndama jike wa kwanza anakwenda kwa mwenzako anayesubiri zamu. Ndama akifa, deni linabaki palepale. Hata kwa mama yako, ambaye mtamba alinunuliwa na mwanawe, ndama jike ndiye ng'ombe wa kesho. Maziwa ya baada ya miaka mitatu yamezikwa pamoja naye.

Nakupa jibu kwa ufupi kwanza, kisha tuelezane taratibu. Chanjo usiibebe kwenye begi. Kwa ndama wa mama, anza na dang'a. Na sindano ya kifaduro kachomwe, mdogo wangu, usiogope.

Kwa nini anachomwa mama

Mwenye shamba wa Lennik hakukudanganya. Ndama anapotoka tumboni hana kinga yoyote ya kutegemea. Kondo la nyuma la ng'ombe limeumbwa kwa matabaka ambayo kingamwili za mama haziwezi kuyapenya. Miezi tisa yote ndama analishwa na kukuzwa, lakini kinga ya mama haimfikii. Anadondoka kwenye sakafu ya banda, penye kinyesi na vijidudu vya kila aina, akiwa mtupu.

Ulinzi wake umehifadhiwa mahali pengine. Katika wiki za mwisho za mimba, mwili wa ng'ombe huanza kuzichota kingamwili kutoka kwenye damu yake na kuzijaza kwenye kiwele. Ndiyo maana dang'a, yale maziwa mazito ya manjano yanayotoka mara tu baada ya kuzaa, hayafanani na maziwa ya wiki ya pili. Humo ndimo urithi wa ndama ulimo.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1892 mwanasayansi wa Ujerumani, Paul Ehrlich, alibadilishanisha watoto wa panya waliopewa kinga na wa panya wasio na kinga, akawaacha wanyonye kwa mama wasio wao. Akaona kwamba mtoto wa mama asiye na kinga hupata ulinzi kwa kunyonya kwa mama mwenye kinga. Mwaka 1922 Theobald Smith na Ralph Little, watafiti wa Marekani, walilichunguza hilo kwa ndama wenyewe. Waliopewa dang'a walistawi. Wengi wa walionyimwa walikufa ndani ya siku chache, kwa vijidudu vya kawaida ambavyo wenzao waliishi navyo bila shida.

Sasa, kama kinga yote ya ndama inatoka kwenye kiwele, mfugaji anaweza kuchagua aongeze nini humo. Hapo ndipo sindano uliyoiona inapoingia. Chanjo hizi za kuhara kwa ndama kwa kawaida huwa na mambo matatu: kirusi cha rota, kirusi cha korona cha ng'ombe, ambacho si kile kilichotufungia majumbani mwaka 2020, na bakteria aina ya E. koli wanaoshambulia ndama wa siku chache. Bakteria hao hupiga mapema, siku tatu au nne za mwanzo. Rota na korona huja baadaye kidogo, mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya tatu. Miaka ya karibuni imepatikana pia chanjo ya ng'ombe wenye mimba dhidi ya kriptosporidiamu, kijidudu kinachowasumbua sana wafugaji wa Ulaya. Kibali cha kuitumia kote katika Umoja wa Ulaya kimetolewa hapahapa Brussels na Kamisheni ya Ulaya, baada ya Shirika la Dawa la Ulaya, lenye makao Amsterdam, kuichunguza.

Ng'ombe anachomwa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kwa tarehe zinazoandikwa kwenye karatasi ya chanjo husika. Nyingine hutakiwa kati ya wiki 12 na wiki 3 kabla ya kuzaa. Ukichelewa, mwili haujapata muda wa kutengeneza kingamwili na kuzipeleka kwenye kiwele. Kwa hiyo hata yule daktari wa Lennik hakuchagua siku ovyo. Alihesabu.

Sindano peke yake haimwokoi ndama

Hapa ndipo nataka unisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza fedha zao.

Utumbo wa ndama mchanga una uwezo wa ajabu ambao haudumu. Katika saa za mwanzo unaziruhusu kingamwili kupita nzima nzima hadi kwenye damu. Uwezo huo huanza kupungua muda mfupi tu baada ya kuzaliwa, na inapotimia siku moja umekwisha kabisa. Baada ya hapo, hata ukimpa ndoo nzima ya dang'a bora kuliko zote, haitaingia kwenye damu yake.

Ina maana kwamba ng'ombe aliyechanjwa kwa chanjo ya gharama, ambaye ndama wake amenyonya kesho yake, amechanjwa karibu bure. Na ng'ombe ambaye hajawahi kuiona chanjo ya rota, lakini ndama wake amepata dang'a ya kutosha ndani ya saa mbili, amempa ndama ulinzi mkubwa. Kwa nini? Kwa sababu mwili wa mama umeishi na vijidudu vya banda lile, umevizoea na kuvitengenezea kingamwili. Chanjo huiongezea nguvu dang'a. Haiwezi kuchukua nafasi yake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujauliza bei ya chanjo, mpigie mama umuulize: ndama wale wawili walinyonya saa ngapi baada ya kuzaliwa? Walikunywa kiasi gani? Muulize kwa upole, usimfanye ajione ameua ndama. Mara nyingi ng'ombe huzaa usiku, mama amelala, na asubuhi ndama ameshapoteza saa saba. Wapo wafugaji wanaosubiri mpaka kondo la nyuma lidondoke ndipo wamruhusu ndama anyonye. Wapo wanaoikamua dang'a na kuimwaga wakiiona chafu kwa rangi yake, na wapo wanaoipika waile wao na watoto. Hawa wote hawana nia mbaya. Hakuna aliyewaambia kwamba saa zile hazirudi.

Swali jingine la kumuuliza: yule mtamba alinunuliwa akiwa na mimba ya miezi mingapi? Sisi wa ughaibuni tunapenda kununua mtamba mwenye mimba kubwa ili mama apate maziwa haraka. Akifika nyumbani wiki moja kabla ya kuzaa, mwili wake haujavijua vijidudu vya banda jipya, na dang'a yake haibebi kinga dhidi ya vijidudu hivyo. Mnunue afike angalau mwezi mmoja na nusu au miwili kabla ya kuzaa, apate muda wa kuzoea.

Mwandikie mama mambo haya

Chukua karatasi au rekodi sauti kwenye simu, umtumie mama mpango huu. Nauandika kama ninavyomwelezea mdogo wangu wa damu.

Kwanza, tarehe ya kupandishwa iandikwe. Iwe ni dume la jirani au mhimilishaji, siku hiyo iandikwe ukutani bandani kwa chaki. Mimba ya ng'ombe ni siku zipatazo 280. Usipoijua tarehe, huwezi kupanga chanjo, huwezi kumkausha kwa wakati, wala huwezi kukesha usiku unaostahili.

Pili, akaushwe maziwa miezi miwili kabla ya kuzaa. Najua fedha ya maziwa ya kila siku ni tamu, lakini ng'ombe anayekamuliwa mpaka siku ya kuzaa hana nafasi ya kutengeneza dang'a nzito. Katika miezi hiyo miwili apate majani ya kutosha, maji safi muda wote na chumvi ya madini. Ng'ombe aliyekonda hata chanjo haimsaidii sawasawa, kwa sababu kingamwili hutengenezwa kutokana na chakula anachokula.

Tatu, mahali pa kuzalia pawe pakavu na pasafi. Kinyesi kizolewe, majani makavu yatandikwe. Ndama anapojaribu kusimama hulamba kila kitu, na kama kitu cha kwanza kuingia mdomoni ni kinyesi, vijidudu vimemfikia kabla ya dang'a.

Nne, akizaliwa, pua na mdomo vifutwe, kitovu kichovywe kwenye dawa ya ayodini, kisha kiwele na chuchu vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa.

Tano, dang'a. Ndama wa ng'ombe wa kisasa mwenye kilo 35 hadi 40 anahitaji lita tatu hadi nne ndani ya saa sita za mwanzo, na ni vizuri aanze ndani ya saa mbili. Wa ng'ombe wa asili, mdogo wa umbo, hesabu sehemu moja ya kumi ya uzito wake: wa kilo 20 apate lita mbili. Kisha apewe tena lita mbili kabla saa kumi na mbili hazijapita. Msimwachie tu anyonye na kudhani ameshiba. Wengi husimama karibu na kiwele, wakavuta mara mbili tatu, wakachoka. Ni salama zaidi kukamua kwenye chombo safi, mkapima, mkampa kwa chupa yenye chuchu. Msimmiminie mdomoni kwa nguvu, maana maziwa yakiingia mapafuni atakufa kwa nimonia.

Sita, dang'a na maziwa ya mama yaendelee siku zinazofuata. Kwa rota na korona, kingamwili zilizomo ndani ya maziwa hubaki utumboni na kukinga kuta zake kila ndama anaponyonya, hata baada ya utumbo kuacha kuzipitisha kwenye damu. Ndiyo maana wanaochanja huendelea kuwapa ndama maziwa ya mama waliochanjwa kwa wiki mbili au zaidi. Isitoshe, vituo vya kukusanyia maziwa havipokei maziwa ya siku za mwanzo, kwa hiyo kumpa ndama dang'a hakumpunguzii mama senti.

Saba, ikibaki, isimwagwe. Kama kuna friza kwa jirani au dukani, igandishwe kwenye chupa safi za lita moja na kuandikwa tarehe. Itamwokoa ndama atakayefiwa na mama au ambaye mama yake hana maziwa. Kuiyeyusha, chupa itumbukizwe kwenye maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, isipikwe wala isichemshwe. Moto mkali huziharibu kingamwili zote, na kinachobaki ni chakula tu.

Na ndama akihara licha ya yote hayo? Asinyimwe maziwa. Apewe maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo cha mtaalamu, atengwe na wenzake, na afisa mifugo aitwe siku hiyohiyo. Dawa za antibiotiki zisitolewe kwa kukisia, kwa kuwa rota na korona ni virusi na hazitavigusa. Wanaomhudumia wanawe mikono kwa sabuni, hasa watoto, kwa sababu kriptosporidiamu na baadhi ya vijidudu vingine vya kuhara humwambukiza binadamu pia. Mwambie mama amwombe afisa achukue sampuli ya kinyesi. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania una vituo vya kanda, kikiwamo cha Iringa kinachohudumia nyanda za juu kusini. Mkijua ni kijidudu gani kinachoua, mtajua kama chanjo ya kuhara inahitajika kweli au tatizo ni saa za kunyonyesha.

Kwa nini chanjo isipande ndege kwenye begi lako

Najua wazo lako limetoka moyoni. Lakini chanjo hizi zinatakiwa zikae kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani mpaka kwenye sindano. Joto huziua, na baridi ya kugandisha huziharibu nyingi vilevile. Kutoka uwanja wa ndege wa Zaventem mpaka Dar es Salaam, kisha basi la kwenda Tukuyu, ni safari ambayo begi haliwezi kuitunzia chanjo baridi yake. Ungemfikishia mama kichupa kizuri chenye maandishi ya Kifaransa na Kiholanzi, ndani yake hamna nguvu. Angeamini ndama amelindwa, akalegeza mengine yote. Hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na chanjo.

Tena kuna sheria. Hapa Ubelgiji chanjo ya mifugo hupitia kwa daktari wa mifugo, na kuingiza dawa ya mifugo nchini kwetu Tanzania kunahitaji kibali cha mamlaka za mifugo. Sheria hizo zinamlinda mama yako.

Jambo la tatu ni kubwa zaidi, na ninawaomba wote mnaofuga mlishike: si kila chanjo ni ya ng'ombe mwenye mimba. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, karibu na Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ina chanjo ya zamani ya kirusi hai iitwayo Smithburn. Inakinga vizuri, lakini ikichomwa kwa mnyama mwenye mimba inaweza kusababisha atupe mimba au azae ndama mwenye kasoro. Chanjo ya S19 ya ugonjwa wa kutupa mimba nayo hutolewa kwa ndama majike wa kati ya miezi mitatu na minane, si kwa ng'ombe mwenye mimba. Kwa hiyo anayekuja na kisanduku cha chanjo bandani kwa mama, aulizwe maswali mawili: chanjo hii ni ya ugonjwa gani, na je, mwenye mimba anachomwa?

Zipo pia chanjo ambazo mama yako anaweza kuzipata kwa njia halali bila wewe kuvuka bahari. Wakala huohuo wa maabara hutengeneza Kibaha chanjo za magonjwa kama kimeta, chambavu na homa ya mapafu ya ng'ombe. Mwaka 2025 serikali ilizindua huko Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya kuchanja mifugo. Ng'ombe aliyechanjwa vizuri katika maisha yake huwa na kingamwili nyingi za kumwachia ndama kwenye dang'a. Mama apange na afisa mifugo wa kata ratiba inayofaa, huku mimba ikizingatiwa. Na ndigana kali msiisahau: hiyo dang'a haiwezi kuizuia peke yake. Adui ni kupe, na chanjo yake huchomwa ndama mwenyewe akishakua kidogo.

Unataka begi lako lisiwe tupu? Nakuelewa. Mbebee mama chupa ya ndama ya lita mbili au tatu yenye chuchu za akiba, kipimajoto cha mifugo, na kifaa cha kupimia dang'a kinachoitwa kipimo cha Brix. Ni kimirija cha chuma kinachotosha kiganjani, wanachokitumia wakulima wa zabibu kupimia utamu. Unadondosha tone moja la dang'a kwenye kioo chake, unafunika kifuniko, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Ndani utaona sehemu ya juu ina rangi ya buluu, ya chini nyeupe, na mstari unaozitenga. Mstari ukisimama kwenye 22 au juu yake, dang'a hiyo ni nzuri. Ukiwa chini sana, mama ajue kwamba ndama anahitaji kuongezewa, au apewe ile iliyogandishwa. Hakihitaji umeme, hakiozi, wala hakihitaji kibali cha chanjo. Kijiji kizima kinaweza kukitumia.

Sasa tukuzungumzie wewe

Mdogo wangu, umeona jinsi mama ng'ombe anavyomwandalia ndama kinga. Wewe umeumbwa tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayokutaka uende kwa mkunga wiki hizi.

Kondo la nyuma la binadamu linapitisha kingamwili. Mtoto wako anazipokea akiwa bado tumboni, na nyingi huvuka katika miezi mitatu ya mwisho. Maziwa yako ya kwanza nayo ni ya thamani sana, yakinge kama dhahabu, maana yanalinda utumbo wake. Lakini kinga ya damu, ile itakayomlinda mapafuni dhidi ya kifaduro, inapita kwenye kondo, na inapita kabla hajazaliwa. Ndama anapata nafasi baada ya kuzaliwa. Mwanao nafasi yake ni sasa.

Baraza Kuu la Afya la Ubelgiji linashauri chanjo hiyo itolewe kwa kila mimba, kati ya wiki ya 24 na ya 32. Umesema mimba ina miezi mitano. Wiki hizo zinakukaribia. Hata kama ulichomwa kwa mimba iliyopita, unachomwa tena, kwa sababu kingamwili hupungua na kila mtoto anahitaji fungu lake. Chanjo yenyewe imechanganywa na ya pepopunda na dondakoo, na haina kijidudu hai ndani yake, hivyo haiwezi kukuambukiza wewe wala mtoto. Mkono utauma siku moja au mbili. Watoto hapa huanza chanjo zao wenyewe wakiwa na wiki nane, na kifaduro ni kikatili zaidi kwa mtoto wa chini ya umri huo: anakohoa mpaka pumzi inakata. Katika wiki hizo nane mlinzi wake ni kile ulichompa wewe.

Na hili nalo ulijue, kwa kuwa unaishi Brussels. Bakteria wa kifaduro walitambuliwa katika mji huu mwaka 1906 na Jules Bordet pamoja na mwenzake Octave Gengou, katika Taasisi ya Pasteur ya Brussels. Bordet alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919 kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili, na hospitali ya saratani iliyoko Anderlecht inaitwa kwa jina lake. Anderlecht hiyohiyo, mnakokwenda mwishoni mwa wiki kununua nyama kwenye soko la Abattoir, lenye sanamu za mafahali wawili langoni, ndiko kilikokuwa chuo cha tiba ya mifugo cha Cureghem mpaka masomo yalipohamishiwa Liège mwaka 1991. Elimu ya kinga ya ng'ombe na ya binadamu imekua bega kwa bega katika mitaa tunayoishi. Tusiipite kama wageni.

Nyumbani nako mama zetu wanaijua njia hii. Sindano ya pepopunda wanayochomwa wajawazito kliniki inafanya kazi hiyohiyo: inamkinga mtoto kupitia mama. Kwa juhudi hiyo, pamoja na uzazi salama, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba pepopunda ya watoto wachanga si tatizo tena la afya ya jamii Uganda mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2012. Mama yako alipokubeba, yumkini alichomwa kwa ajili yako. Muulize.

Mkunga akikueleza kwa haraka usielewe, una haki ya kuomba akueleze tena, au uende na mtu wa kukutafsiria. Uliza pia kuhusu malipo kabla. Mtoto akizaliwa, vituo vya watoto vya ONE na Kind en Gezin hapa Brussels humpima na kumchanja bila malipo. Na kwa wale dada zangu ambao karatasi zenu bado hazijakaa sawa, msijifungie ndani kwa hofu: ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa yenu (CPAS) inaweza kuwapatia msaada wa tiba ya dharura, na huduma ya ujauzito imo ndani yake. Nendeni mapema, msisubiri uchungu uwashike.

Basi mdogo wangu, kazi zako ni mbili. Kesho asubuhi mpigie mkunga, umwambie umebadilisha mawazo, mpange tarehe baada ya wiki ya 24. Jioni mpigie mama. Muulize ng'ombe alipandishwa lini, mhesabu pamoja siku 280, na mkubaliane ni nani atakayekesha bandani juma lile, akiwa na chupa iliyooshwa na taa yenye chaji. Ukiona kwamba sampuli ya kinyesi imeonyesha rota au E. koli, hapo mwongee na daktari wa mifugo wa wilaya kuhusu chanjo, naye aiagize kwa utaratibu. Fedha uliyotenga kununulia chanjo huku, mtumie mama amlipe mtaalamu huyo. Kisha niandikie ndama akishatimiza mwezi, na wewe ukishajifungua. Nitasubiri barua zote mbili.

Wako,
Dada